Shamba la Mizabibu Nililolikabidhi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuingia darasani. Nilikuwa nimevaa suruali ya kitambaa ambayo mama aliipiga pasi ya mkaa alfajiri ile, na mfukoni nilikuwa na chaki nilizotoka nazo chuo cha ualimu kwa hofu kwamba huenda shule haina. Padre Mkuu, ndivyo tulivyomwita mkuu wa shule siku hizo, alivitazama viatu vyangu, akaitazama chaki iliyokuwa imeanza kupaka mfuko unga mweupe, kisha akaniambia kwa upole kwamba mwalimu wa baiolojia katika shule hii huanzia shambani. Akaninyooshea kidole nyuma ya kanisa dogo. Huko udongo mwekundu ulikuwa umepigwa safu ndefu za visiki vyeusi, na juu yake anga la uwanda wetu, pana, lisilo na kitu.

Mimi ni Mgogo. Nimezaliwa na kukua uwanda huu huu, kwa ugali wa uwele na mlenda, na mifugo nilichunga kabla sijajua kusoma. Lakini mzabibu nilikuwa sijawahi kuugusa. Zabibu kwetu zilikuwa tunda la mapadre na la wenye magari.

Aliyekuwa akinisubiri kule alikuwa Bwana Shamba wa shule, Mzee Idi, Mrangi kutoka milima ya Kondoa, Mwislamu wa swala tano mwenye kofia ya kufuma iliyofifia kwa jua. Vijana mnaosoma haya msishangae. Kwa muda mrefu kuliko mkuu yeyote wa shule, mizabibu iliyotoa divai ya misa ya shule ya Kikatoliki ilitunzwa na mtu ambaye hakuwahi kuionja divai yenyewe hata tone. Akanipa mkasi wa kupogolea, akanionyesha safu, akaenda zake kutazama mchwa.

Lazima nieleze kupogolea ni nini, maana ndiyo kazi yangu hasa, hata kama barua ya ajira iliniita mwalimu. Katika nchi za baridi mzabibu hulala wenyewe majira yakigeuka. Hapa Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Anayeulaza na kuuamsha ni mkasi. Ukishavuna unapunguza maji, unaacha majani yachoke, kisha unakata matawi yote ya msimu uliopita na kubakiza vipande vifupi vyenye macho mawili au matatu. Jicho ni kile kivimbe kilichojificha kwenye tawi, kidogo kama punje ya mtama, ambacho ndani yake mmelala jani na shada la msimu ujao. Usipokata, mti unaota majani mengi ya kupendeza na matunda huyaoni.

Mimi hayo sikuyajua. Nilikata ncha tu, kwa adabu, kama mtu anayepunguza kucha za mtoto. Mzee Idi aliporudi alisimama nyuma yangu kitambo.

"Wewe Mgogo," akasema, "unakata au unauchana nywele?"

Warangi na Wagogo tunataniana, kwa hiyo nikamjibu kwamba sisi kwetu miti ni michache, tumezoea kuionea huruma. Akacheka. Akanichukulia mkasi, akakata tawi nene chini kabisa, karibu na kisiki, kwa mkono mwepesi. Papo hapo pale palipokatwa pakaanza kutoka maji, tone baada ya tone, yakidondokea kwenye vumbi. Nikashtuka kama niliyeona damu.

"Unalia," akasema Mzee Idi. "Uache ulie. Ukimaliza, utakuja uone mwenyewe."

Jioni hiyo viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na chaki zilikuwa zimevunjika mfukoni vipande vipande.

*

Baadaye niliingia darasani pia, na nilifundisha vizuri kiasi. Lakini shule ile ilikuwa na desturi moja iliyolifanya shamba kuwa darasa la kwanza kwa kila aliyeingia getini. Kila mvulana wa kidato cha kwanza alikabidhiwa shina moja la mzabibu. Aliliwekea samadi ya mbuzi, alilipalilia, alilinyunyizia salfa ukungu ulipotokea, alilinda mashada yake dhidi ya ndege. Ukungu huo tuliuita unga, kwa sababu jani lililougua lilionekana kama limepitishwa kwenye mashine ya kusaga. Mwaka wa mwisho, siku chache kabla ya mtihani, mwanafunzi alilipogolea shina lake kwa mara ya mwisho mbele ya mvulana mdogo atakayelirithi, akampa mkasi, akamshika mkono. Kuanzia hapo aliyeondoka aliitwa baba wa shina.

Msilichukulie jina hilo kimzaha. Nimeona mtu mzima, ofisa mwenye gari la serikali, anasimama ghafla kwenye korido za ofisi mjini na kumwamkia mwenzake shikamoo kwa heshima zote, kisa wamegundua kwamba yule ni babu yake wa shina. Kazi zimepatikana kwa namna hiyo, harusi zimechangiwa, misiba imebebwa. Waliosoma pale hawaulizani walipata daraja gani. Wanaulizana, "Wewe shina lako lilikuwa safu gani?"

Padre Mkuu alilisimamia jambo hili kwa ukali wa kimya kimya. Alikuwa mtu mrefu, aliyetembea na kanzu iliyopandishwa kidogo ili isiburute vumbi, na alijua kila shina ni la nani. Mvulana akishindwa hesabu alimwita ofisini. Akiacha shina likauke, alikwenda mwenyewe bwenini kumtafuta.

Yeye na Mzee Idi walikuwa na mapatano yao. Bwana Shamba alisimamia kila kitu mpaka kwenye mlango wa chumba cha kukamulia. Hapo alitua kreti la mwisho, akajifuta mikono, akageuka. Ndani ya chumba ilikuwa kazi ya mabruda, na mapipa, na kimya cha miezi. Mwaka mmoja wa mavuno mazuri Padre Mkuu alimchokoza pale mlangoni, akamwambia kwamba Mungu atamhesabia thawabu kwa divai hii. Mzee Idi akajibu bila kugeuka kwamba yeye atahesabiwa jasho. Yaliyomo pipani watayajibu wenyewe. Padre Mkuu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamfungia kikapu cha zabibu safi, maana Ramadhani ilikuwa imekaribia, na Mzee Idi alipenda kufuturu kwa zabibu.

Hao ndio waliokuwa wakubwa wangu wa kwanza. Nimefanya kazi chini ya wengine wengi na sikuona tena wawili wanaoheshimiana namna ile.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa shamba la misheni upande wa kusini, karibu na bwawa la Mtera, kufundisha vijana kilimo cha umwagiliaji. Mkubwa wangu huko alikuwa Bruda Msimamizi, mtu wa maneno machache kiasi kwamba akikuambia "vizuri" ulikwenda nyumbani kumsimulia mkeo. Tulilima vitunguu na nyanya. Nilijifunza kwake jambo moja kubwa, nalo ni namna ya kusikiliza maji kwenye mfereji: yakipita juu ya udongo yana sauti yake, na yakizama chini yana sauti nyingine. Jioni nilitazama bwawa likibadilika rangi, nikafikiria visiki vyangu vyeusi kule nyumbani. Mtu anaweza kukumbuka mti kama anavyokumbuka jamaa.

Mzee Idi alipostaafu niliitwa nirudi kushika nafasi yake. Alinikabidhi shamba kwa kulitembea lote, safu kwa safu, akinitajia magonjwa ya kila shina kama mganga anayemkabidhi mwenzake wodi. Hakunihutubia. Mwishoni alinipa mkasi wake, akaniambia niutie mafuta, akapanda basi la Kondoa. Ameshatangulia mbele ya haki. Mungu amrehemu.

*

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi huniuliza, na ambalo baadhi ya wanafunzi wangu hadi leo hawajanisamehe.

Mji ulitujia. Tulipoanza, shule ilikuwa porini, na usiku tulisikia fisi. Kisha serikali ikahamia Dodoma kwa dhati, na vigingi vya upimaji vikaota kila mahali kama magugu. Walimu vijana walianza kuzungumzia viwanja badala ya mishahara. Upande wa Msalato uwanja mpya wa ndege ukaanza kuzungumziwa, barabara mpya ikapita, ikachukua malisho yetu yote ya kaskazini. Ardhi ya shule iliyobaki ilikuwa mwinuko wa mawe nyuma ya madarasa, viwanja vya michezo, na shamba la mizabibu. Shamba ndilo lililokuwa kwenye tambarare, lenye udongo wenye kina, karibu na kisima, jiko na kanisa.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu alipoletwa Mkuu mpya. Alikuwa Sista, mwalimu wa fizikia, mwanamke wa kwanza kuiongoza shule ile tangu ianzishwe. Siku ya kwanza alikuja shambani kabla hajafungua ofisi. Alinisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akaniamkia kwa Kiswahili, akaanza kutembea kati ya safu huku akizigusa nguzo kwa kidole, kama mtu anayetafuta mlango aliouzoea.

Aliniambia hapo hapo alichokusudia. Alitaka shule ipokee wasichana. Kibali alikuwa nacho, madarasa yalitosha, wafadhili wa jengo walipatikana. Kilichokosekana ni mahali pa bweni, na mahali pekee panapofaa ni hapa tuliposimama.

Nilimuuliza kama ametazama mwinuko wa nyuma. Akasema ametazama. Bomba la maji taka haliwezi kupita kwenye mwamba ule, na wasichana hawawezi kuwekwa nyuma ya madarasa, mbali na taa na walinzi. Nikamuuliza kama ameuona uwanja wa mpira. Akasema mhandisi ameukataa, maji ya mvua yanatuama. Alijibu kila swali bila haraka, naye alijua kwamba siulizi kwa sababu ya uwanja wa mpira.

Nikamwambia basi ukweli. Nilimwambia kwamba shamba hili si zabibu tu. Wako watu wazima mamia kwa mamia ambao shule kwao ni shina moja la mti. Nilimwambia kuhusu baba wa shina. Nilizungumza muda mrefu. Jua lilikuwa limepanda, na yeye alisimama ananisikiliza na kitambaa chake cheupe kichwani, hakukaa kivulini.

Nilipomaliza akaniuliza kama ninaukumbuka mwaka ambao pampu ya kisima iliharibika wakati wa ukame.

Niliukumbuka. Tulikaribia kupoteza kila kitu.

"Maji yalitoka wapi, Mwalimu?"

"Bondeni, kwenye madimbwi ya mchanga. Yaliletwa kwa ndoo."

"Yalibebwa na nani?"

Jibu lilianza kunijia. Wavulana walikuwa wakijiandaa na mitihani. Shule iliajiri vibarua kutoka kijijini: mabinti. Walikuja asubuhi na ndoo vichwani, msururu, wakamwagilia shina kwa shina, wakarudi bondeni.

"Safu hii ilikuwa yangu," akasema Sista. "Darasa lile pale, dirisha la pili, lilikuwa linafundishwa habari za mwanga. Kioo, mwali, pembe. Nilikuwa namwaga maji polepole ili mwalimu amalize sentensi."

Hakusema kwa uchungu. Angesema kwa uchungu ningepata la kumjibu. Aliinama akaondoa jani kavu lililonasa kwenye kisiki, akaniambia kwamba hatalichukua shamba mpaka mimi nikubali, kwa sababu anajua wahitimu watamsikiliza nani. Kisha akaenda kufungua ofisi.

Wiki ile sikulala vizuri, na mke wangu alichoka na kugeukageuka kwangu. Aliniuliza shida nini. Nikamweleza. Akaniuliza swali moja tu: binti zetu walisoma wapi? Alilijua jibu. Walisoma mbali, Morogoro, kwa sababu shule ambayo baba yao aliitumikia maisha yake yote haikuwa na nafasi kwao. Kila likizo ilipoisha nilikuwa nikiwapeleka stendi na kikapu cha zabibu za njiani.

*

Wahitimu walipata habari haraka kuliko nilivyotarajia, wakaitisha mkutano. Jumamosi ya mkutano ukumbi ulijaa, na magari yalipangwa mpaka barabarani. Mwenyekiti wao alikuwa mwanasheria mjini, mwanafunzi wangu wa zamani, mtu wa sauti nzuri na suti nzuri. Alianza kwa kumpongeza Sista Mkuu kwa maono yake, na sisi tunaojua wanasheria tukajua kinachofuata. Alisema hakuna anayepinga wasichana kusoma. Yeye mwenyewe anao watatu. Lakini urithi ni urithi. Shina lake liko safu ya nne, amelirithi kwa daktari, na daktari alilirithi kwa mtu ambaye sasa ni askofu. Mwanawe wa kwanza alipobatizwa walimpiga picha pale. Wang'oe shina hilo wajenge choo?

Watu wakapiga makofi. Mmoja kutoka nyuma akauliza kwa utani msichana atamwita nani baba wa shina, na ukumbi ukacheka. Sista naye alitabasamu.

Akaeleza mpango wake kwa utulivu. Mizabibu haitapotea, itahamia mwinuko wa nyuma, na itanyweshwa kwa maji ya bafu za bweni, yaliyochujwa kwa mchanga na kokoto na kupandishwa kwa pampu. Alichora ubaoni, na mistari yake ilikuwa imenyooka kama ya mtu aliyezaliwa na rula. Mzee mmoja wa parokia akakohoa, akaomba afahamishwe kama amesikia sawasawa kwamba divai ya misa itatokana na maji waliyoogea wasichana.

"Yatapita kwenye mchanga, baba," akasema Sista, "na kwenye udongo, na kwenye mizizi. Ya kisima yalitoka chini ya malisho ya ng'ombe miaka yote, na hujawahi kuyaulizia."

Kicheko kikahama upande, lakini moyo wa ukumbi haukuhama. Hapo Mwenyekiti akanigeukia. Alisema hapa yupo mtu ambaye ni babu wa mashina yote, na kwamba tumsikilize Mwalimu, kisha tupige kura. Alinipa kipaza sauti kwa mikono miwili. Alikuwa na uhakika nami kama mwana alivyo na uhakika na baba yake.

Niliwatazama. Wengi niliwafundisha kukata. Nilizikumbuka nyuso zao zikiwa ndogo, zikitoka jasho chini ya kofia za majani. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini nikaona haifai.

"Mwaka wa ukame," nikasema, "mlikuwa darasani, na mashina yenu yalipona. Mnamjua aliyewamwagilia?"

Wa miaka ile walianza kutazamana.

"Amesimama pale ubaoni. Yeye na dada zake, na mama zenu wadogo wa kijijini. Walibeba maji ya shamba hili kwa vichwa vyao, na jioni walirudi nyumbani, hawakuachiwa hata shina moja. Mimi ndiye Bwana Shamba wa shule hii. Ninalikabidhi."

Nikaketi. Bati la paa lilikuwa likilia kwa joto. Mwenyekiti alikaa karibu yangu, na kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia aliniambia, "Mwalimu, umetumaliza." Mkononi nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti na sikujua pa kukiweka. Kura ilipopigwa, walioinua mikono kumuunga mkono Sista walizidi, lakini si kwa wingi wa kujivunia.

*

Tulifanya upogoleaji wa mwisho mvua za kwanza zilipokaribia. Safari hii hatukuyachoma matawi yaliyokatwa kama kawaida. Tuliyakata pingili, yaani vipande vyenye urefu wa kalamu, kila kimoja na macho yake, tukavipanda kwenye viriba vya plastiki vilivyojazwa mchanga na samadi. Pingili ikipata mizizi inakuwa mti uleule, haina tofauti na mama yake. Wahitimu walialikwa waje kila mtu akate za shina lake mwenyewe.

Wengine hawakuja, na hadi leo wapo tunaopishana mjini kila mmoja akitazama upande wake. Waliokuja walikata bila maneno mengi. Mwenyekiti alifika wakati tunakaribia kufunga kazi, kiatu chake cha ngozi kikizama kwenye udongo. Alikata pingili moja, ndefu kupita kiasi, kama anayetafuta fimbo ya kutembelea. Nilimwambia aipunguze, maana hivyo itakauka. Akasema, "Niachie tu, Mwalimu." Nikamwachia. Aliipanda kwenye kiriba, akaishindilia kwa vidole, akaondoka bila kunawa.

Halafu likaja tingatinga. Sikukaa kulitazama. Nilichukua likizo yangu ya mwisho, nikaenda Nkuhungu kusimamia ujenzi wa choo cha nyumba yangu.

Nilistaafu kabla bweni halijakamilika. Waliniaga kwa misa, kwa mbuzi na kwa hotuba, na Sista Mkuu hakuzungumza sana. Alinipa mche mmoja ndani ya kiriba. Nimeupanda nyuma ya nyumba, na vifaranga wa jirani wanautesa.

Vijana wananiuliza kama ninajuta. Ninajibu kwa yaliyopo. Katika miche ile tuliyopanda kule mwinukoni, mingi imeliwa na mchwa, na iliyopona bado haijazaa. Divai ya misa siku hizi wanainunua mjini. Chumba cha kukamulia kimekuwa stoo ya magodoro. Baba wa shina imebaki hadithi ya wazee, na kama wasichana wataianzisha upya kwa jina lao, hilo ni lao. Kazi niliyoijua mimi, ya mkasi na salfa na kusubiri, haipo tena pale kwa namna niliyoijua, na mtu akiniambia kwamba hakuna kilichopotea namwona hakuwahi kuwa na shina.

Mwaka huu nilikwenda kuitembelea shule bila kumwarifu mtu. Mlinzi wa getini ananifahamu, akanipitisha. Miguu yangu ikanipeleka yenyewe nyuma ya kanisa. Bweni ni jengo zuri, la ghorofa moja, lenye madirisha mengi. Mafundi walikuwa wameacha nguzo na nyaya za safu za mwisho za mizabibu, labda kwa uvivu, na juu ya nyaya zile zilianikwa sare: mashati meupe na sketi za bluu, safu kwa safu, zikijaa upepo wa mchana. Chini ya nguo wasichana wawili walikuwa wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakibishana kuhusu pembe ya mwali unapoingia majini. Mmoja alikuwa amekosea, na alikuwa anabisha kwa sauti zaidi.

Nilisimama kuwasikiliza. Waliponiona waliinuka wote wawili, wakanyoosha sketi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu."

Mrefu zaidi, yule aliyekuwa anakosea, aliniangalia kwa adabu, akisita, kisha akajikaza.

"Samahani babu, huku ni kwa wasichana. Wanaume hawaruhusiwi kupita. Wageni wanapokelewa ofisini."

Ningeweza kumwambia mimi ni nani. Maneno yalifika ulimini. Lakini alikuwa amesimama wima kabisa, mkono mmoja umeshika waya, kama mtu aliye nyumbani kwake na anayejua mipaka ya uwanja wake.

Nikamwomba radhi, nikamshukuru, nikageuka kurudi nilikotoka. Nyuma yangu ubishi ulianza tena, pale pale walipouachia.